Jibu: Mwenye nyumba anaweza kumkataa mpangaji mwenye watoto?

Ndugu, umeuliza kama mwenye nyumba huko Marekani ana haki ya kukunyima nyumba kwa sababu una watoto. Kwa kawaida hana. Sheria ya makazi ya 1968, inayokataza ubaguzi, ilianza na rangi, dini na asili ya mtu. Jinsia ikaongezwa 1974, kisha 1988 ulemavu na familia zenye watoto. Nyumba zilizotengewa wazee zimeachwa nje, pia jengo la familia zisizozidi 4 ambamo mwenyewe anaishi.

Inaniuma sana wazazi wanapoondoka kimya kimya. Usifute ule ujumbe aliokuandikia, "sipangishi wenye watoto"! Huo ni ushahidi. Peleka malalamiko Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ndani ya mwaka mmoja tangu ulipokataliwa, hulipi chochote.