Waifai inakata chumba cha mwisho

SWALI: Anko shikamoo, ruta iko sebuleni nyuma ya tivii, hapo neti inakimbia freshi ila nikiingia chumba cha mwisho inabaki kistari kimoja halafu inakata, shida nini? Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. Hiyo ruta umeificha! Itoe hapo, ipandishe juu ya kabati karibu na korido, maana kuta za tofali na zege zinameza mawimbi. Halafu ruta nyingi zinarusha waifai za aina mbili, 5GHz na 2.4GHz, cheki simu imeshika ipi, ya 5GHz ina kasi ila ukuta wa pili tu imechoka, chumbani shika ya 2.4GHz. Ikigoma vuta waya wa neti mpaka kule ufunge ruta ya pili, vile viripita vya kwenye soketi, vya kudaka neti na kuirusha tena, watu wanavichomeka humohumo neti isipofika, sasa vitarusha nini?