Re: Kwa nini Jiji lisikope kujenga upya katikati ya mji?
Mkuu, umeuliza kwa nini Mwanza isikope ijenge upya eneo la Makoroboi, deni lilipwe na kodi ya majengo itakayoongezeka, kama Chicago. Kule kodi inafuata thamani ya jengo. Eneo likitangazwa kuwa la kujengwa upya, thamani ya siku ile inagandishwa. Kodi ya thamani inayoongezeka juu ya hapo tu ndiyo inayolipia barabara na mitaro, kwa kawaida miaka 23. Sasa njoo kwetu: tangu 2021 kodi ya majengo tunakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), kiwango kilichopangwa, hata ukipaka jengo dhahabu (wapangaji tunaijua, sisi ndio tunaonunua umeme). Hiyo nyongeza ya kukopea itoke wapi? Mimi ningeanza na kodi ya pango ya vibanda vya sokoni kulipa deni hilo.