Maswali ya Wasomaji: Obama Alikuwa Seneta Mara Ngapi?

Swali. Mhariri, shikamoo. Nafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari. Juzi nilisema darasani kwamba Barack Obama aliingia Seneti mwaka 2005, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akasema alikuwa seneta tangu 1997. Wenzake walimcheka, lakini nilipokwenda kutafuta nikakuta tarehe zote mbili zimeandikwa. Nani yuko sahihi, na mtu anatokaje kwenye seneti moja kwenda nyingine?
*Mwalimu, Tabora*

Jibu. Marahaba, Mwalimu. Mwanafunzi wako hakukosea, na wewe pia hukukosea. Kila jimbo la Marekani (nasema jimbo kwa maana ya dola ndogo ndani ya shirikisho, si jimbo la uchaguzi la mbunge wetu) lina katiba yake, gavana wake na bunge lake, na mabunge hayo yote, isipokuwa la Nebraska, yana mabaraza mawili, la juu likiitwa seneti. Seneti ya jimbo la Illinois ina wajumbe 59 na hukutana Springfield, mji mdogo ulio zaidi ya kilomita 300 kusini-magharibi mwa Chicago. Seneti ya taifa ina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, na hukutana Washington. Wakati ule seneta wa Springfield alikuwa akiwakilisha watu wapatao laki 2, ilhali seneta wa Illinois aliyeko Washington aliwakilisha jimbo zima lenye watu zaidi ya milioni 12. Obama aliapishwa katika ile ya kwanza Januari 1997 na katika ile ya pili Januari 2005.

Namna alivyoipata hiyo ya kwanza haisimuliwi sana na wanaompenda, nami naona ndiyo inayofundisha zaidi. Mwaka 1995 kiti cha eneo la 13, upande wa kusini wa Chicago, kilikuwa cha Bi. Alice Palmer. Mama huyu aliamua kugombea ubunge wa taifa katika uchaguzi mdogo, akamtambulisha Obama kwa wafuasi wake kuwa ndiye anayefaa kumrithi Springfield. Novemba mwaka huo Bi. Palmer alishindwa na Jesse Jackson Jr., na watu wake wakamwendea Obama wakimwomba ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Obama, aliyekuwa na umri wa miaka 34, alikataa, kwa hoja kwamba alikuwa amekwisha kuahidiwa na kampeni yake ilikuwa imeanza.

Bi. Palmer akakusanya saini za wadhamini harakaharaka. Sheria ilitaka saini 757 za wapiga kura walioandikishwa katika eneo lile. Watu wa Obama waliketi na fomu za wapinzani wote wanne, wakapitisha kidole mstari kwa mstari wakilinganisha na daftari la wapiga kura: huyu anuani yake iko nje ya mpaka, huyu jina limechapwa kwa herufi kubwa mahali pa saini, huyu alikwisha kufutwa daftarini. Wakaweka pingamizi. Bi. Palmer alijitoa, watatu waliobaki wakaenguliwa, na Obama akapita bila kupingwa katika kura za mchujo za chama cha Democratic za Machi 1996. Katika eneo lile aliyeshinda mchujo wa Democratic alikuwa kama amekwisha kushinda uchaguzi wenyewe. Kila kilichofanyika kiliruhusiwa na sheria, lakini msomaji wa Tanzania aliyewahi kuona mgombea akienguliwa kwa kasoro za fomu ataelewa kwa nini wazee wengine wa Chicago walikaa na kinyongo miaka mingi.

Swali. Bwana Mhariri, hujambo. Hapa kwetu watu husema Obama hakuwahi kushindwa kura. Mjomba wangu anashikilia kwamba alipigwa vibaya sana mwaka 2000. Kama ni kweli, ilikuwaje aliyeshindwa ubunge akapata useneta, ambao ni mkubwa zaidi, baada ya miaka minne tu?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu. Sijambo, na mjomba wako anajua anachosema. Mwaka 2000 Obama alimvaa Bobby Rush, mbunge wa taifa wa eneo la kwanza la Illinois, mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther (chama cha wanaharakati Weusi) jimboni humo na aliyekuwa na mizizi mirefu mitaani. Miezi michache kabla ya kura kijana wa Rush aliuawa kwa risasi, na huruma ya watu ikamwelekea baba. Kisha Desemba 1999, muswada wa kudhibiti silaha ulipopigiwa kura Springfield, Obama alikuwa Hawaii na familia yake, binti yake akiwa mgonjwa, na muswada ukaanguka kwa kura chache. Unaweza kufikiri wapinzani walimwelezaje mtu aliyekuwa pwani wakati hoja ya bunduki inajadiliwa. Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Baadaye Obama mwenyewe alisimulia kwamba majira hayo ya joto alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, na alipotaka kukodi gari kadi yake ikakataliwa.

Kilichomnusuru ni kalenda. Alikuwa amechaguliwa tena mwaka 1998 kwa miaka minne, hivyo aligombea ubunge bila kuhatarisha kiti chake, na aliposhindwa alirudi Springfield kama aliyetoka likizo. Pale alikuwa upande wa wachache. Tangu alipoingia, Seneti ya jimbo ilikuwa mikononi mwa Republican, na mjumbe wa upinzani aliyetaka sheria yake ipite alilazimika kuwa na marafiki ng'ambo ya pili. Aliwapata kwa kucheza karata nao jioni na kwa kufanya kazi ambazo wengine hawakuzipenda. Sheria ya mwaka 1998 iliyopunguza zawadi kwa wanasiasa ni mojawapo. Wakati mwingine alibonyeza kitufe cha tatu: katika bunge lile mjumbe anaweza kupiga kura ya ndiyo, ya hapana, au kusema tu kwamba yupo. Katika kura zipatazo 4,000 alifanya hivyo mara zipatazo 130, na baadaye wapinzani wake walimkumbusha jambo hilo kila walipopata nafasi.

Mambo mawili yalibadilisha hali. Kwanza, mipaka ya maeneo huchorwa upya kila baada ya miaka kumi. Katiba ya Illinois inasema vyama vikishindwa kuafikiana, mjumbe wa kuvunja usawa apatikane kwa kuchomoa jina, na mwaka 2001 lililochomolewa lilikuwa la mtu wa Democratic, Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago. Obama aliketi mbele ya kompyuta na mtaalamu wa chama, na eneo lake likachorwa upya: likanyooshwa kuelekea kaskazini kwa kufuata ufuo wa Ziwa Michigan hadi kwenye mitaa ya matajiri katikati ya jiji. Wapiga kura wengi wakabaki Weusi, lakini sasa wachangiaji wakubwa wa fedha walikuwa watu wa eneo lake mwenyewe.

Pili, kwa mipaka hiyo Democratic walishinda wingi wa viti Novemba 2002, na Emil Jones, mzee wa siasa za Chicago, akawa rais wa Seneti ya jimbo. Jones mwenyewe amesimulia kwamba Obama alimfuata akamwambia kuwa sasa ana uwezo wa kumfanya mtu seneta wa taifa, na alipomuuliza ni nani, Obama akajitaja. Mzee akakubali. Mwaka 2003 miswada mizito ilipita mikononi mwa Obama, mingine ikiwa imetolewa jasho na wenzake kwa miaka, na baadhi yao walinung'unika waziwazi. Hata hivyo kazi ya kupatanisha aliifanya yeye. Sheria ya kutaka mahojiano ya washukiwa wa mauaji yarekodiwe ilipingwa mwanzoni na polisi na waendesha mashtaka. Alikaa nao kifungu kwa kifungu, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria iliyopitishwa na bunge lake. Kwa hiyo ukiniuliza miaka minane ya Springfield ilimpa nini, nitasema sita ya kwanza ilimpa uvumilivu na miwili ya mwisho ikampa rekodi ya kuombea kura.

Hapo ndipo kiti cha Washington kilipokuwa wazi. Peter Fitzgerald wa Republican alitangaza Aprili 2003 kwamba hatagombea tena, naye Bi. Carol Moseley Braun, seneta wa zamani ambaye angechukua kura nyingi za Weusi, aliamua kugombea urais. Waliojitokeza katika mchujo wa Democratic walikuwa saba. Mmoja, tajiri Blair Hull, alimwaga dola zake karibu milioni 29, na kwa kufanya hivyo akawasaidia wapinzani wake bila kutaka, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilisema mgombea akitumia fedha zake mwenyewe kupita kiwango fulani, wenzake waruhusiwe kupokea michango mikubwa zaidi. Mtu mmoja aliyeruhusiwa kumchangia Obama dola 2,000 sasa aliweza kumpa 12,000, na wale jirani wapya wa ufuoni walikuwa nazo. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha sheria hiyo mwaka 2008. Halafu kumbukumbu za talaka za Hull zikafichuliwa, akaporomoka, na Machi 2004 Obama akashinda kwa asilimia 53. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa Juni kwa sababu ya kumbukumbu za talaka yake. Chama chake kikamwita Alan Keyes kutoka Maryland, aliyeingia Agosti, wiki chache baada ya hotuba ya Obama kwenye mkutano mkuu wa chama chake mjini Boston kumtangaza nchi nzima. Matokeo ya Novemba yalikuwa asilimia 70 kwa 27.

Swali. Ndugu Mhariri, huku Congo maseneta huchaguliwa na wabunge wa majimbo, si na wananchi. Marekani hawakuwahi kufanya hivyo?
*Mwanafunzi wa sheria, Lubumbashi*

Jibu. Walifanya, tena kwa zaidi ya miaka 120. Katiba yao ya mwanzo iliwapa wabunge wa majimbo kazi ya kuchagua maseneta wa taifa, hadi marekebisho ya 17 ya mwaka 1913 yalipoihamishia kwa wananchi. Malalamiko yalikuwa yaleyale unayoyasikia kwenu: kura kununuliwa, na viti kukaa bila mtu kwa sababu mabaraza mawili ya jimbo yameshindwa kuafikiana.

Mfano mzuri uko hukohuko Springfield. Abraham Lincoln alikuwa mbunge wa jimbo la Illinois kwa miaka minane, kuanzia 1834. Mwaka 1855 aliongoza katika duru ya kwanza ya kura za useneta, lakini kura zake zikaanza kupukutika, akawaambia wafuasi wake wamchague Lyman Trumbull ili mpinzani wao asishinde. Baadaye, katika mdahalo mashuhuri wa 1858, yeye na mpinzani wake, Stephen Douglas, walizunguka jimbo wakihutubia maelfu ya watu ambao hawakuwa na kura ya moja kwa moja katika jambo hilo. Bunge la jimbo lilimchagua Douglas kwa kura 54 dhidi ya 46. Lincoln hakuwahi kuwa seneta. Obama alipotangaza kugombea urais Februari 2007, alisimama mbele ya jengo la zamani la bunge hilo, palepale alipofanyia kazi Lincoln.

Swali. Mimi ni mwakilishi wadi na nina nia ya useneta. Je, nikimwiga Obama nitafika?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu. Mheshimiwa, jina la cheo ni moja lakini ngazi si moja. Kwa Marekani sharti la seneta wa taifa ni kuwa na umri wa miaka 30, uraia wa miaka 9 na kuwa mkazi wa jimbo analoliwakilisha. Kupitia bunge la jimbo hakumo katika masharti, ni mazoea tu. Mazoea hayo yana nguvu, kwani kiti alichokalia Obama kilikuwa kimekaliwa mfululizo na Alan Dixon, Moseley Braun na Fitzgerald, na wote watatu walikuwa wamepitia bunge la Illinois. Wewe unakabiliwa na kikwazo ambacho yeye hakuwa nacho. Kenya hupiga kura za viti sita siku moja, na huwezi kugombea wadi na useneta kwa pamoja. Obama alijaribu mara mbili, 2000 na 2004, huku kiti chake cha jimbo kikimsubiri. Wewe ukishindwa unarudi nyumbani. Kwa hiyo mtu wa kumtazama kabla ya kuchukua fomu ni Bi. Palmer, aliyetoka kwenye kiti chake akakuta mtu amekaa.

Swali. Viti alivyoviacha Obama vilichukuliwa na nani?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu. Cha Springfield alipewa Kwame Raoul, wakili aliyezaliwa Chicago na wazazi kutoka Haiti, ambaye alikikalia hadi alipoapishwa kuwa mwanasheria mkuu wa Illinois Januari 2019. Cha Washington kilileta balaa. Obama alijiuzulu useneta Novemba 2008 baada ya kuchaguliwa rais, na mamlaka ya kujaza nafasi yakawa ya Gavana Rod Blagojevich, naye zao la bunge la Illinois. Desemba 9 gavana huyo alikamatwa, akituhumiwa kutaka kukiuza kiti hicho. Kabla ya kuondolewa madarakani alimteua Roland Burris, na mwaka 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 14.