Kurudi kwenye kamera ya filamu ukiwa Lamu: anza na kivuli

Aliyepiga picha za dijitali miaka mingi hahitaji kufundishwa upya kutazama. Kinachomponza ni mazoea ya mkono. Dijitali imemfunza kuogopa weupe, kwa sababu weupe ukishaungua kwenye sensa haurudi, basi hupunguza mwanga kidogo halafu akaangaza kivuli kwenye kompyuta. Filamu ya negativi (ile inayotoa picha iliyogeuzwa, weupe ukiwa mweusi) inataka kinyume chake. Weupe uliozidi kwa hatua mbili bado umo ndani ya negativi, lakini kivuli kisichopata mwanga hakimo kabisa. Pale utakuta plastiki tupu, na hakuna dawa wala programu itakayotoa kitu. (Hatua moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu: kutoka tundu la lenzi la f/8 kwenda f/5.6, au kutoka kasi ya shata ya 1/250 kwenda 1/125.)

Mji wa Lamu unalizidisha tatizo hili. Kuta za chokaa, kanzu na mchanga wa ufukwe wa Shela vyote hurudisha mwanga mwingi, na kipima mwanga cha kamera hakijui weupe. Kila kitu hukichukulia kuwa kijivu. Ukikielekeza ukutani na kukifuata, ukuta utatoka wa kijivu na kila kilicho kivulini kitazama.

Chukua mfano wa mzee aliyeketi barazani, kanzu nyeupe, ukuta mweupe nyuma yake, na mlango wa mbao nyeusi wenye nakshi kando. Kipima mwanga kikitazama vyote kwa pamoja kinasema f/8 kwa 1/125. Ukipiga hivyo nakshi zitapotea. Sogea hadi mlango ujaze kioo cha kutazamia, upime mbao zenyewe: f/2.8 kwa 1/60. Hicho ni kipimo cha kuzifanya mbao ziwe za kijivu, nawe unazitaka ziwe nyeusi zenye umbile, kwa hiyo funga hatua mbili: f/5.6 kwa 1/60. Kanzu itapata mwanga zaidi ya ule wa mwanzo kwa hatua mbili, na filamu kama Ilford HP5 Plus itabeba bila shida. Usipoweza kusogea, weka kiganja chako kwenye kivuli kama kile, ukipime, halafu ongeza hatua moja.

Njia fupi ya wanaoanza ni kudanganya kamera: filamu ya ISO 400 (ISO ni namba ya wepesi wa kunasa mwanga) iwekee namba 200 na uiache hapo mkanda mzima. Kila picha inapata hatua moja ya ziada na makosa madogo yanasameheka. Kwa filamu za rangi za negativi, kama Kodak Gold 200 au Portra 400, hilo huboresha hata rangi za kivulini. Usifanye hivyo kwa filamu ya slaidi, yaani ile isiyogeuza rangi, kama Ektachrome E100. Hiyo huungua weupe upesi, hivyo pale mazoea yako ya dijitali yanafaa kama yalivyo.

Jambo la pili linalowasumbua wageni ni kwamba ISO haibadiliki tena picha kwa picha. Ukitoka kwenye vichochoro vya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, saa nne asubuhi ukaingia ufukweni, umehama kutoka f/4 kwa 1/125 hadi f/16 kwa 1/500, na filamu ni ile ile ya 400. Kamera kama Pentax K1000 inaishia 1/1000, kwa hiyo tundu kubwa kabisa utakaloweza kutumia juani ni f/11, na lile wazo la mtu aliye wazi na jahazi lililofifia nyuma yake linakwama. Kwa ISO 100 unafika f/5.6. Ndiyo maana ni vyema kuamua kabla ya kutoka nyumbani: leo ni siku ya vichochoro au ni siku ya Shela na Manda? Ukilazimika kubadilisha katikati, andika namba ya picha uliyofikia, rudisha filamu polepole huku umeweka sikio karibu, na acha kuzungusha mara tu unaposikia ulimi (ncha ya filamu) umechomoka kwenye gurudumu, ili usiingie wote ndani ya kikopo. Siku ya kuirejesha, funika lenzi, weka shata ya kasi kuliko zote na tundu dogo kuliko yote, piga bure hadi namba ile, kisha ongeza picha mbili za tahadhari.

Kuhusu kamera yenyewe, usiweke filamu ndani ya kamera iliyolala kabatini miaka kumi kabla ya kuifungua. Tazama kupitia lenzi ukielekea dirishani, tundu likiwa wazi: nyuzi nyuzi kama utando ni kuvu, ugonjwa wa pwani, na lenzi yenye kuvu isikae kabati moja na nyingine. Bonyeza sifongo nyeusi zilizo kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Zikinata kama lami zimeoza, zitapitisha mwanga na kudondosha makombo juu ya shata. Zikwangue kwa kijiti cha mbao chenye spiriti na ubandike mpya. Kisha, kamera ikiwa haina filamu na mlango wa nyuma ukiwa wazi, ielekeze angani, piga kasi zote, uone kama mwanga unatokea kila mara. Kwenye 1/1000 ukiona upande mmoja hauangazi, pazia limechoka, tumia kasi za chini tu mpaka fundi aitazame.

Betri nazo zina hila. Canon AE-1 haipigi kabisa bila betri yake ya volti 6, ilhali Nikon FM2 hupiga na kukosa kipima mwanga tu. Olympus OM-1 ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiitia ya kisasa ya volti 1.5, kipima mwanga kinaona mwanga mwingi kuliko uliopo na kukufanya uipe filamu mwanga pungufu, yaani kinakuelekeza kule kule kubaya. Betri za vifaa vya kusikia namba 675 zinakaribia volti ile, ila zinahitaji pete ya kuzishika na hazidumu.

Kuweka filamu, tafuta kivuli. Usipokipata, mpe jua mgongo. Usiweke filamu mashuani upepo ukivuma wala kwenye mchanga. Punje moja ikiingia kwenye kitambaa cha mdomo wa kikopo itachora mstari kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na mstari huo haufutiki. Ukishafunga mlango, kaza kifundo cha kurudishia taratibu, vuta wenzo, na utazame kifundo hicho: lazima kizunguke kila unapovuta. Kisipozunguka, ulimi umetoka kwenye meno na utapiga mkanda mzima bila kupata picha hata moja. Hili ndilo kosa linalowaumiza wengi, kwa sababu kihesabu picha kinaendelea kuhesabu kana kwamba mambo ni salama.

Joto na unyevu ni adui wa kudumu. Filamu usiyoitumia ikae frijini ndani ya kopo linalobana, na ikitoka iachwe humo humo saa moja na nusu kabla ya kufunguliwa. Ukiifungua baridi, hewa yetu itaweka umande juu yake papo hapo. Iliyokwisha kupigwa isafishe mapema. Ukisafiri kwa ndege kutoka Manda, au kwa treni ya SGR kutoka Miritini, Mombasa, beba filamu mkononi katika mfuko unaoonyesha yaliyomo na uombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono. Usiitie kamwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Mashine za eksirei za huko zina nguvu zaidi na huichafua filamu kwa ukungu.

Sasa kusafisha. Vitabu vimeandikwa kwa maji ya nyuzi 20, na hapa maji ya tangi la juu ya paa mchana hayakaribii nyuzi hizo. HP5 Plus ndani ya dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyochanganywa na maji huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 hushuka kwenye dakika 5, na chini ya dakika 5 dawa haienei sawasawa, anga hutoka na mabaka. Bora uichanganye nusu kwa nusu: mililita 150 za dawa na 150 za maji kwa mkanda mmoja. Hapo muda ni dakika 13 kwa nyuzi 20, na kama dakika 9 kwa nyuzi 24. Kufika 24 weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji pamoja na chupa iliyogandishwa, na usitie barafu ndani ya dawa yenyewe. Fiksa (dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) na maji ya kuoshea yawe ndani ya beseni hilo hilo, kwa sababu filamu ikitoka kwenye nyuzi 24 ikaingia 31 ghafla utando wake unaweza kujikunja.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuvingirisha filamu kwenye rili, gurudumu linaloishika ndani ya tangi dogo la kusafishia, mikono ikiwa ndani ya mfuko wa giza. Mikono hutoka jasho, filamu hunata kwenye plastiki, na ukilazimisha inakunjika. Fanya alfajiri au usiku, rili ikiwa kavu kabisa, na ukate pembe mbili za ncha ya filamu kabla ya kuiingiza. Ikikwama, iache ndani ya tangi, funika, toa mikono, ikauke, urudi.

Pindua tangi mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, ligonge mezani kutoa mapovu, kisha mara 4 kila dakika inapoanza. Mwaga, tia asidi ya kusimamisha sekunde 10, halafu fiksa, mililita 60 kwa 240 za maji, dakika 3 hadi 5. Kuosha hakuhitaji bomba la wazi: jaza tangi maji, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Maji ya visima vyenye chumvi huacha madoa meupe, kwa hiyo maji ya mwisho yawe ya mvua yaliyochujwa au ya kununua yaliyotoneshwa, pamoja na tone moja au mawili ya dawa ya kutelezesha maji. Wauzaji wa betri za magari huwa na maji yaliyotoneshwa. Hakikisha si asidi.

Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha ndani yake. Usiimwage uani. Maji ya mji huu yanatoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na visima viko kila mtaa. Ikusanye kwenye dumu lenye sufi ya chuma. Baada ya siku kadhaa fedha nyingi huganda na kuwa tope.

Filamu za rangi za negativi, ajabu, ni rahisi zaidi kwetu kuliko kwa watu wa baridi. Zinataka nyuzi 38, na dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza. Maji yetu yana joto tayari, unaongeza birika moja tu. Ila hapo nusu nyuzi ni kitu, kwa hiyo usinunue kipimajoto cha bei ya chini.

Na kuna jambo la watu. Kwenye dijitali, mtu akikuruhusu humwonyesha picha, asipoipenda unaifuta mbele yake. Kwenye filamu huwezi kufanya lolote kati ya hayo. Basi ruhusa iombwe kabla ya kuinua kamera, kwa salamu, shikamoo kwa mkubwa, na useme wazi kwamba picha haitaonekana leo wala haifutiki. Mama aliyevaa buibui akikataa, imekwisha. Akikubali mzee, andika jina na nyumba, kwa sababu nakala ya karatasi anakudai wewe, naye ataiulizia.

Kamera yako ya dijitali usiiuze. Ndiyo itakayonakili negativi: lenzi ya vitu vidogo (macro) inayofikia uwiano wa 1:1, taa bapa nyeupe chini, f/8, ISO 100, chumba giza, na kamera sambamba kabisa na filamu. Ukuze picha kwenye skrini ya kamera na ulenge chembe za filamu zenyewe, si nyuso za watu.