Uliza Fundi wa Kompyuta: Gemu la watu wazima kwenye sanduku la marehemu

Barua za printa na virusi zitasubiri toleo lijalo. Iliyofika kutoka Chumbageni sikutaka ikae, na kwa bahati nilikuwa nimeshaweka pembeni mbili nyingine za mada hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Mama alipotoka eda tulifungua sanduku lake la bati, tukakuta diski ndogo za plastiki zisizo na jina na CD moja iliyoandikwa Knights of Xentar. Kaka yangu alitafuta jina hilo kwenye simu, akaona ni gemu la watu wazima, akataka tuichome moto. Mwanangu yuko kidato cha pili, yeye anasema ni gemu la kale kutoka Japani na anatamani kulicheza. Mimi nilijaribu kwenye laptopu yangu, halifunguki. Nifanye nini nayo? Na je, naweza kuwatolea nakala wateja wa duka langu la steshenari? Wawili wameshauliza. Naona aibu kuandika haya, baba alikuwa mtu wa msikitini. — Mama wa Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba. Msiichome, na mwanao asiicheze. Yote mawili nayasema kwa uzito mmoja.

Hilo ni gemu la safari, aina ambayo vijana huiita RPG. Unamwongoza shujaa na wenzake kutoka mji hadi mji, wanapigana na mazimwi, wanapata pesa, wananunua panga na ngao, nguvu zao zinapanda. Wajapani waliyashika magemu ya aina hii kwa mikono miwili baada ya Dragon Quest kutoka mwaka 1986. Kampuni moja iliyojiita elf ikauchukua mtindo huo, ikauchanganya na picha za watu wazima, na mwaka 1989 ikatoa Dragon Knight. La tatu katika mfululizo huo lilitoka mwaka 1991, na ndilo mlilonalo. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Marekani, Megatech, ililitia Kiingereza, ikalihamishia kwenye kompyuta za DOS, mfumo uliotumika kabla ya Windows, na kulipa jina hilo mnaloliona. Shujaa aliyeitwa Takeru akawa Desmond. Gemu linapoanza ameporwa upanga na kila kitu, anaingia mjini hana hata nguo. Ukijua mwanzo wake uko hivyo, utakisia na mengine: mizaha isiyokwisha, na kila baada ya kazi kadhaa inatokea picha ya mwanamke, imewekwa kama tuzo ya aliyeshinda.

Hapo kwenye tuzo ndipo ninapomzuia mwanao. Uchi wenyewe ni sababu tosha, lakini hili la tuzo linaniuma zaidi. Mtu mzima anaweza kulitazama gemu hilo akajua limetoka wapi na lilitengenezewa nani, akakataa linavyowatazama wanawake, huku akiendelea kufurahia ramani na vita vyake. Mtoto wa kidato cha pili ndiyo kwanza anajifunza mwanamke ni nani, na hafai kuanzia hapo. Hata kwao Japani hayakuwa ya watoto. Mwaka 1991 mwanafunzi wa umri kama wa mwanao alikamatwa akiiba gemu la namna hiyo dukani, zikazuka kelele nchi nzima, na mwaka uliofuata watengenezaji wakaunda chombo chao cha kuyakagua na kubandika alama ya umri. Wala usitegemee kaka yako au mtu mwingine kukuhakikishia kwamba yenu ni ile iliyofunikwa picha za uchi. Liliuzwa katika matoleo yaliyofunikwa na yasiyofunikwa, na CD haikuambii ni lipi mpaka uwe ndani.

Kijana usimwache mikono mitupu. Kama hamu yake ni magemu ya safari ya Kijapani, mtafutie Chrono Trigger la mwaka 1995, linauzwa hadi kwenye simu. Lina hadithi nzuri, muziki mzuri, na mnaweza kukaa naye sebuleni mkalicheza pamoja bila mtu kuinamisha macho.

Sasa baba yako. Sanduku la baharia hujaa alichonunua, alichopewa, na alichobadilishana na mwenzake wa chumba kimoja melini. CD moja haikuambii kitu juu ya mtu uliyemjua maisha yako yote. Mkumbuke kwa unavyomjua.

Kwa nini basi nakataa moto? Kwa sababu magemu ya safari ya Kijapani yaliyowahi kutiwa Kiingereza na kuuzwa kwenye DOS yalikuwa machache mno, na hili ni mojawapo. Elf yenyewe imeshafungwa. CD halisi zikiisha, hakuna anayetengeneza nyingine. Mtu mzima anayetaka kujua magemu haya yalifikaje nje ya Japani, mema yake na mabaya yake, atahitaji kitu cha kushika mkononi. Ifungeni kwenye bahasha, muiweke juu ya kabati lenye ufunguo.

Haifunguki kwa sababu laptopu yako, kama zote za siku hizi, ina Windows ya biti 64, na hiyo haiendeshi kabisa programu za DOS za biti 16. CD haina kosa. Kuna programu ya bure iitwayo DOSBox, imekuwapo tangu mwaka 2002, inayojifanya kompyuta ya enzi zile ndani ya yako. Tengeneza folda iitwe gemu kwenye diski C, weka CD, fungua DOSBox, kisha andika hivi, ukibonyeza Enter kila mstari:

mount c c:\gemu
mount d d:\ -t cdrom
d:
dir

Kama kisomeo chako cha CD kina herufi nyingine, iandike hiyo mahali pa d:\ kwenye mstari wa pili. Amri ya dir itakuonyesha majina ya mafaili. Tafuta lenye jina la install au setup, liandike, fuata maelekezo. Likikuuliza habari za sauti, chagua Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Namba hizo ndizo DOSBox inazozitegemea, na ukikosea moja gemu litakaa bubu au litagoma kabisa.

Zile diski ndogo zisizo na jina usizitumbukize popote kwanza. Zipeleke dirishani penye mwanga, sogeza kile kibati cha juu, utazame utando mweusi wa ndani. Ukiona madoa meupemeupe, hiyo ni koga. Hewa yetu ya Tanga, na chumvi ya bahari juu yake, inazimaliza diski zilizofungiwa kwenye bati. Diski yenye koga inachafua kichwa cha mashine inayoisoma, na kila utakayoiweka baadaye inakwaruzwa. Zilizo safi, zipindue, na kwenye pembe moja ya nyuma utaona kijifuniko cha plastiki. Kisukume tundu libaki wazi, hapo hakuna kompyuta itakayoweza kuandika juu yake kwa bahati mbaya. Kisha niletee Ngamiani, nina kisomeo cha USB. Huenda humo mna barua za baba, au picha zake. Mimi ningeanza na hizo kabla ya gemu.

Nakala za kuuza, hapana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia kwa njia ya kompyuta, na wewe una duka lenye anwani na watoto wa shule wanaokuja kufotokopi. Na kufungwa kwa elf hakukuifanya kazi yao kuwa ya bure. Haki ya msanii haifi na kibao cha ofisi. Waambie hao wateja wawili kwamba ni mali ya marehemu na haitoki nyumbani.

SWALI: Fundi, mimi nachora vibao na tisheti hapa Makorora. Nimeona picha za magemu ya Kijapani ya zamani, yale ya kompyuta za PC-98. Naambiwa zina rangi 16 tu. Haiwezekani! Ngozi ina kivuli, anga la jioni linabadilika polepole. Walifanyaje? — Mchoraji

JIBU: Inawezekana, kijana wangu, na nimefurahi kwamba umetazama mkono wa mchoraji.

PC-9801 ya kampuni ya NEC, ya kwanza katika hizo PC-98, ilianza kuuzwa mwaka 1982, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotawala maofisini na majumbani Japani. Maandishi yao ya kanji yana mistari mingi midogo, na herufi moja huhitaji kama vitone 16 kwa 16 ndipo isomeke. Kwa hiyo skrini yao ilifanywa pana, vitone 640 kwa 400. Magemu mengi ya DOS huku kwingine yalitumia 320 kwa 200, yakiwa na rangi 256. Mjapani akawa na vitone vingi na rangi chache: 16 kwa wakati mmoja, lakini anazichagua mwenyewe kutoka rangi 4,096.

Sasa fikiria mama anayesuka mkeka kwa ukili mwekundu na mweupe. Akipitisha mmoja mmoja kwa zamu, ukisimama mlangoni unaona waridi, na waridi hakuitia kabisa. Ndivyo walivyofanya. Kitone cha kahawia, cha njano, cha kahawia, cha njano, na kwenye skrini za kioo za zamani vitone viliingiliana kidogo, jicho likaona rangi ya tatu. Kwenye anga la jioni wanapunguza kimoja polepole na kuongeza kingine. Yote kwa mkono, kitone kwa kitone. Ukiikuza picha kwenye skrini yako ya leo utauona ufundi huo waziwazi, tena skrini ya leo inaudhulumu kwa kuwa kali mno.

Na mafundi hao wengi walikuwa kwenye magemu ya watu wazima, kwa sababu mashine za kuchezea magemu za Nintendo zilikuwa na mlango wenye bawabu: hutoi gemu bila idhini ya kampuni. Kompyuta haikuwa na bawabu. Mchoraji kijana mwenye njaa alienda palipokuwa na kazi. Nasikitika nikiona mkono mzuri hivyo ulitumika kuchora mwanamke akiwa zawadi, lakini mkono ni mzuri, na wewe jifunze vivuli vyake. Chukua mandhari yao, yaani majumba, misitu na bahari usiku. Jaribu bandari yetu ya Tanga saa kumi na mbili jioni kwa rangi 16, uniletee niitazame.

SWALI: Nina gemu la zamani kama hilo kwenye DOSBox. Vita vinapita haraka hata sioni nani kapigwa. Kompyuta mbovu? — Msomaji, Pongwe

JIBU: Ni nzima. Magemu mengi ya wakati ule yalipima muda kwa kasi ya prosesa, na kwenye Knights of Xentar wapiganaji hujipigania wenyewe bila kukungoja, kwa hiyo kasi ikizidi unabaki mtazamaji. Shika Ctrl, bonyeza F11 mara kadhaa mpaka vita vitulie. Ctrl na F12 inarudisha kasi. Kwenye baadhi ya laptopu lazima ushike na kitufe cha Fn.