Hofu ya mtaa mzima na mtoto aliye tumboni: maswali yenu

Nina mimba ya miezi mitano, na kila maandamano yanapozuka hapa Kondele silali kwa milio ya risasi. Je, mtoto atazaliwa na kasoro? (Kisumu)

Swali hili limeletwa mara nyingi hata nimechoka, basi safari hii lisomwe hadi mwisho. Hatari inayojulikana zaidi si ulemavu wa viungo, bali ni mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 37 au akiwa na uzito usiofika gramu 2,500. Mwili wenye hofu isiyokwisha huzalisha homoni ya kotisoli kwa wingi. Kondo la nyuma huzuia sehemu kubwa yake, lakini si yote. Hata hivyo, wengi hujifungua salama. Kama unaye ndugu mtaa mwingine, nenda ukalale kwake.

Mke wangu alikuwa mjamzito tulipofukuzwa kwetu mwaka 2008, tukaishi kambini. Binti yetu alizaliwa na gramu 2,100, na hadi leo mama yangu husema mke wangu ni mwoga. (Nakuru)

Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba amekosea. Katika ghasia zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Uoga wa mwanamke mmoja unaingia wapi hapo? Tena kambini kulikuwa na baridi, chakula haba na kliniki zilizokatizwa, mambo ambayo peke yake humpunguza mtoto uzito.

Mwezi Mei mwaka huohuo, huko Postville katika jimbo la Iowa, Marekani, maafisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama wakakamata watu 389. Watafiti walipopekua rekodi za uzazi za jimbo zima, walikuta kwamba watoto wa akina mama wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliozaliwa katika wiki 37 zilizofuata walikuwa na hatari ya uzito mdogo iliyozidi ya mwaka uliotangulia kwa asilimia 24, wakiwemo watoto wa akina mama ambao wenyewe walizaliwa Marekani, na hakuna ambaye angeweza kuwafukuza nchini. Kwa watoto wa akina mama Wazungu hatari hiyo haikupanda. Je, wanawake wa asili moja waligeuka waoga wote kwa siku moja? Mizani ya kliniki hupima kazi ya wachochezi, ila kijitabu cha mama na mtoto hakina mahali pa kuandika majina yao.

Ni kweli kwamba baada ya janga wavulana huzaliwa wachache?

Ilionekana Kobe, Japani, miezi tisa baada ya tetemeko la ardhi la Januari 1995.

Ninunue dawa gani ya kutuliza moyo?

Usinunue yoyote dukani. Muulize mkunga wako.

Siku zangu zikiangukia juma la uchaguzi, nami niko mbali na hospitali, nifanye nini? (Bungoma)

Hamia karibu na hospitali mapema, ukiwa na kijitabu chako, nauli, na mtu aliye tayari kukutolea damu. Wala asikwambie mtu "tulia tu", kwa maana utulivu haufungui barabara iliyozibwa kwa mawe. Ukitokwa na damu, ukiumwa kichwa huku macho yakiona ukungu, chupa ikipasuka, au mtoto akipunguza kucheza, ondoka saa hiyohiyo bila kungoja matokeo yatangazwe.