Mkeo Hajaficha Pesa, Amezinusuru

BARUA

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, naishi Kitunda, Dar es Salaam, na mke na watoto wawili. Natunza stoo ya kampuni, mshahara baada ya makato ni 720,000. Mke wangu anauza vitumbua na chapati barazani. Huu mwaka wa nane tunapanga, hata kiwanja hatuna.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta chaji kwenye sanduku lake la nguo nikakuta daftari la kikoba, kile kikundi chao cha kuweka akiba. Ana akiba ya 2,300,000! Kumbe miaka mitatu anaweka bila kuniambia. Nikamwomba 280,000 tu, nilipe mkopo niliokopa kupitia simu 180,000 na nimalizie ahadi ya harusi ya rafiki yangu 100,000. Akakataa katakata.

Shangazi, mimi sinywi, sina mchepuko. Matumizi yangu ni vitu vidogo vidogo: boda hadi kituoni kwenda na kurudi 2,000, supu na chapati asubuhi kazini 4,000, soda na maji 1,500, bando 1,000, na mkeka wa kubeti wa 2,000 wa kujaribu bahati. Zamani tulikuwa na kibubu cha pamoja ila miaka mitatu iliyopita kilivunjwa kwa dharura. Je, pesa ya mke si pesa ya nyumba? Nimfanyeje ajue mimi ndiye kichwa cha familia? Samahani kwa makosa, simu niliyonunua miaka mitatu iliyopita imepasuka kioo.

Baba wa Wawili, Kitunda

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Pole kwa deni, najua linavyomkosesha mtu usingizi. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi.

Vitu vyako vidogo vidogo vinafika 10,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 273,000, zaidi ya theluthi ya mshahara wako. Kwa mwaka ni 3,276,000. Chakula cha mchana hukukitaja, nami sijakihesabu. Sasa chukua ile 2,300,000 ya mkeo uigawanye kwa siku za miaka mitatu: ni kama 2,100 kwa siku. Mwanangu, hiyo ndiyo bei ya mkeka wako. Shilingi ambazo wewe unampa mchezeshaji kamari kila siku, mwenzako amezitoa kwenye unga na mafuta ya kukaangia, akazipeleka kikobani, na leo ndizo unazoziita siri.

Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Watu huutamka msemo huu bila kumtazama aliyeshika shoka. Kila ukibandua kipande unaliona gogo bado lipo, ndiyo maana huogopi. Ungetaka kutoa milioni tatu kwa mara moja ungeita wazee, ungeuliza, ungelala ukifikiri. Kwa soda ya 1,500 hakuna anayeita kikao. Pesa hupita hapohapo ambapo haiulizwi.

Boda nakuelewa siku za mvua, kwa tope la mitaa yetu. Siku za jua miguu unayo. Bando la siku ndilo ghali kuliko yote ukilinunua siku zote thelathini, la mwezi lingekuachia kitu. Kilichonichoma moyo ni supu na chapati. Mkeo anaamka alfajiri, anawasha jiko, anakanda unga, na wewe unapita mbele ya chapati zake za moto kwenda kununua za mwanamke mwingine. Majirani wanakuona. Wateja wake wanakuona. Yeye anakuona kuliko wote.

Tuje kwenye chaji. Mwanamke hahifadhi chaji ya simu chini ya kanga kwenye sanduku la nguo, na wewe umeishi naye miaka minane, unalijua hilo. Ulikuwa unatafuta pesa. Ulishahisi ipo, na deni lilikuwa limekubana. Sema kweli, maana huwezi kumdai mwenzako uaminifu wakati mikono yako imetoka kwenye sanduku lake.

Na kibubu je? Umeandika "kilivunjwa kwa dharura". Kilivunjwa na nani? Mtoto angeugua ungesema mtoto aliugua. Ada ingekwama ungesema ada. Mstari wa mwisho unanieleza kwamba mwaka huohuo ulinunua simu. Mimi sikuwepo, lakini mkeo alikuwepo, na barua yako yote inanionyesha mwanamke aliyeona kibubu kikipasuliwa mara moja akaapa hakitapasuliwa tena.

Ndiyo maana akaenda kwenye kikoba. Umekiita siri, lakini hukutazama kinavyofanya kazi. Kibubu kinavunjwa na mkono mmoja usiku. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Ukichelewa kikao unatozwa faini. Usiponunua hisa, wenzako wanakuuliza mbele ya watu. Kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, ili msiba usile hisa. Ukitaka mkopo unajadiliwa na kikundi kizima, unadhaminiwa, unaandikwa. Wanawake hawa wamejua kwamba pesa iliyo karibu na mkono italiwa tu, hata mkono uwe wa mtu mwema. Wakaiweka mbali na mikono yao wenyewe.

Wengine watasema angekuambia. Mimi nipo upande wake. Alikuambia mlipokuwa na kibubu, na jibu ulilompa ni vigae.

Unauliza kama pesa ya mke ni pesa ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kufunga ndoa hakubadilishi umiliki wa mali ya mke wala ya mume, na inamtwika mume wajibu wa kumlisha, kumvisha na kumpa mkewe pa kukaa kwa kadiri ya uwezo wake. Kuna pia ile kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Kila mtu anakumbuka kwamba majaji walikubali kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Wachache wanakumbuka kwamba mama yule mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama ilimhesabia fedha alizopewa na mumewe akazitapanya. Alama ya utapanyaji haifutiki, awe ameufanya mke au mume.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha jambo moja. Watu wanachangisha mamilioni kwa usiku mmoja: kamati, ukumbi, sare, keki ya ghorofa. Wiki inayofuata maharusi wanakopa kodi ya chumba. Na sisi wachangiaji tunaahidi kadi ya watu wawili kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu jina la fulani limeandikwa 100,000 na letu halitaki kubaki chini. Tunachangia kwa kuona haya. Kisha tunarudi nyumbani kumnunia mke kwa sababu hakulipia haya yetu.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala Morogoro. Kila Jumamosi jioni alimwaga ujira wake mezani, mbele yangu, tukauhesabu pamoja kwa mwanga wa koroboi. Kuna wiki ilikuwa haifiki hata ya mchele. Alimwaga hivyohivyo. Sikuwahi kumuuliza nani kichwa cha familia, wala yeye hakuwahi kuniuliza. Wewe umeandika barua nzima na hakuna mahali umesema mkeo anaujua mshahara wako.

Basi fanya hivi. Kwanza mwombe radhi kwa sanduku, bila neno "lakini" nyuma yake. Mtajie mshahara wako mpaka senti ya mwisho, na umwonyeshe deni la mkopo wa simu.

Deni hilo lilipe wewe. Acha mkeka, acha supu ya kazini: 6,000 kwa siku, siku 30 za kazi zinakamilisha ile 180,000. Ada ya mkopo inaweza kuongezeka kidogo, usikope mwingine kuilipa. Mikopo ya namna hiyo hukukata pesa kila inapoingia kwenye simu, kwa hiyo ukikopa tena mshahara ujao utakuwa umeshaliwa kabla hujauona.

Mpigie mwenyekiti wa kamati ya harusi umwambie unapunguza ahadi. Utaona aibu dakika mbili. Rafiki wa kweli atakupokea na elfu thelathini, na asiyekupokea umemjua kwa bei nafuu.

Deni likiisha, ile 6,000 ya kila siku usiirudishe mdomoni. Jumla yake ya mwezi iondoke siku ileile mshahara unapoingia, kabla hujatoka getini. Kama kazini kwenu kuna SACCOS, chama cha akiba na mikopo, waambie wakate hukohuko. Au nunua vipande UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja ambayo mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005. Kuuza vipande hadi pesa ikufikie kunachukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo kufuli zako tatu. Kikoba cha mkeo usikiguse wala usiombe kuingia. Kama siku moja atataka kukwambia kiwanja anachokitazama kipo wapi, atakwambia mwenyewe.

Na kesho asubuhi, kabla ya kazi, kaa barazani ule chapati zake mbili na chai. Ukimaliza umlipe kama mteja mwingine yeyote, maana ile ni biashara.

Shangazi